Bi Mfuniko, Mpishi wa Pilau ya Wodi ya Moyo

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mpishi mkuu wa hospitali yetu atavua aproni yake na kuikabidhi, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wenzake wa jikoni wanamwita Bi Mfuniko, madaktari wanamwita Bi Mfuniko, na hata barua ya mkurugenzi ya kumshukuru ilichapwa kwa jina hilo kabla karani hajakumbushwa kwamba mama huyu naye alipewa jina na wazazi wake. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa madai kwamba nimemfahamu kuliko wote. Ukweli ni kwamba nimegombana naye kuliko wote, na nadhani hiyo ni sifa inayotosha.

Alianza kazi kwa kuosha trei za wagonjwa. Chumba cha kuoshea vyombo wakati ule kilikuwa na dirisha moja, tena juu karibu na dari, na bomba la maji ya moto lilikuwa likigonga ukutani mchana kutwa kana kwamba kuna mtu ndani anataka kufunguliwa. Wengi waliopangiwa chumba kile waliomba uhamisho. Yeye alikaa, na kumbe alikuwa anasoma. Hakusoma kitabu, alisoma trei. Kabla ya kumwaga mabaki aliangalia nani kaacha nini. Uji wa wodi ya watoto ukirudi na madonge, aliuona. Viazi vya wodi ya wazee vikirudi na alama ya meno bila kutafunwa, alijua havikuiva. Siku moja alimwendea mpishi mkuu wa wakati huo, mtu mwenye hasira za karibu, akamweleza yote aliyoyaona. Mzee yule alimfokea mbele za watu. Wiki iliyofuata akamhamishia jikoni, akisema ni heri adui huyu awe ndani ya nyumba.

Hilo jina la Mfuniko alilipata kwa haki. Kwake yeye sufuria ya pilau ikishafunikwa imefunikwa, na anayetaka kuchungulia akachungulie kwao. Mfamasia wetu mmoja, mtu wa heshima zake, aliwahi kupita jikoni akavutwa na harufu, akainua mfuniko kidogo tu. Bi Mfuniko hakupaza sauti. Alimshika kiwiko kwa adabu zote, akamsindikiza hadi nje, akafunga mlango kwa komeo. Mfamasia alikula chakula chake cha mchana siku hiyo kwa kupokezwa dirishani, na kwa kuwa alikuwa muungwana alikuja baadaye kuomba radhi. Haraka haraka haina baraka ni methali tunayoisema sote, lakini yeye ndiye pekee niliyemwona akimfungia mtu nje kwa ajili yake.

Nani hajui Ijumaa za hospitali hii? Kuanzia asubuhi kitunguu kinapoanza kugeuka rangi, korido ya mapokezi inasahau kidogo harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Ijumaa ndiyo siku ya pilau, na ndiyo siku ya ubishi. Dereva wa gari la wagonjwa anashikilia kwamba pilau ni ya kwao, bibi yake ndiye aliyeianzisha. Mtaalamu wa maabara naye ana nyanya yake wa kumtaja. Mpiga picha za eksirei hana bibi wa kumtolea ushahidi, lakini anabisha kwa sauti kubwa kuliko wote. Bi Mfuniko aliwaacha wamalizane. Yeye mwenyewe alikuwa na jibu lake moja, kwamba pilau ilitoka kwa kaka yake, na kabla ya hapo hajui.

Hapa lazima nimweleze huyo kaka, maana bila yeye wasifu huu haupo. Wazazi wao walifariki Bi Mfuniko akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Kaka yake, ambaye mwenyewe ndevu zilikuwa hazijaota vizuri, aliacha shule akaenda kupika katika kambi ya wajenzi wa barabara. Kwa kazi hiyo alimlea dada yake, akamsomesha, na alipokua akamfundisha kukaanga kitunguu mpaka kifike pale kinapotakiwa kufika. Hakuoa mapema, alisema ana mtoto tayari. Bi Mfuniko akimzungumzia hasemi “kaka yangu”. Anasema “mzee wangu”, na anashusha sauti kidogo.

Miaka michache iliyopita alikuja kwetu afisa lishe mpya. Alikuwa binti mpole wa kuongea lakini mgumu wa kuyumbishwa, na kwa vile alitembea na mizani ndogo ndani ya mkoba, jikoni walimbatiza jina la Mizani kabla hata hajaonyeshwa meza yake. Mwezi wake wa kwanza alipita kwenye wodi ya moyo, akaangalia chumvi, akaangalia mafuta, akaifuta pilau kwenye chakula cha wodi ile. Alikuwa na sababu, na sababu zake zilikuwa sahihi. Madaktari walimuunga mkono. Bi Mfuniko alinyamaza, na sisi tunaomjua tunajua kwamba kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kelele. Kwa muda mrefu wawili hao walisalimiana kwa kuinua kidevu tu. Mimi niliyekuwa napokea maagizo ya wote wawili nilikuwa kama nyasi za tembo wanaopigana.

Kisha kaka yake Bi Mfuniko akalazwa, na akalazwa wodi ile ile.

Alikuwa anasubiri upasuaji wa moyo. Daktari alimweleza dada mtu bila kuzungukazunguka, kwamba upasuaji ule unataka mgonjwa mwenye nguvu, na mzee alikuwa hali kitu. Asipopata nguvu hawatamgusa, na wasipomgusa hatafika mbali. Trei yake ilitoka jikoni na kurudi jikoni ikiwa vile vile, ila imepoa. Unaweza kufikiri mwenyewe ilivyokuwa kwa mtu aliyezoea kusoma trei, kusimama kwenye dirisha la vyombo na kupokea trei ile asubuhi, mchana na jioni. Mzee alikuwa na msimamo wake. Alikuwa mpishi, na kula chakula kisicho na ladha aliona ni kujidhalilisha uzeeni. Alichotaka ni pilau ya dada yake, yenye nyama na chumvi yake, au wamwache apumzike.

Bi Mfuniko alijaribu. Alichukua pilau yake ile ile, akaondoa chumvi, akaondoa nyama, akapunguza mafuta. Aliyoipata ilikuwa kitu cha kuhuzunisha, na watu wa kantini walioonjeshwa hawakumhurumia. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mzee aliiangalia tu sahani, hakuinua hata kijiko, akasema, “Dada, hii si pilau. Huu ni wali uliofiwa.” Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka mpaka sista wa wodi akaja kuwatuliza. Dada mtu hakucheka.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho yangu. Nimesimuliwa na mama wa usafi wa ghorofa ile, na Bi Mfuniko ameniruhusu niyaandike. Ijumaa moja mchana alipakua pilau ya wafanyakazi, ile ya nyama na chumvi, akaifunika kitambaa, akapanda nayo ngazi. Alifika kwenye mlango wa wodi. Alisimama hapo na bakuli mkononi, watu wakimpisha huku na huku, akimwangalia kaka yake kupitia kioo cha mlango. Mapenzi yalimsukuma aingie na mapenzi yale yale yakamzuia. Mwishowe akageuka, akashuka ngazi, akalimwaga bakuli lote kwenye pipa la mabaki. Halafu badala ya kurudi jikoni akaenda kubisha mlango wa Mizani.

Ofisi ya afisa lishe ni kile chumba chembamba kando ya eksirei, chenye picha za matunda ukutani zilizobanduka pembe. Bi Mfuniko aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akasema neno moja ambalo sijawahi kumsikia akilisema kwa mtu yeyote wa hospitali hii: “Nisaidie.” Mizani hakujishaua. Alifunga mlango, akamwambia kwamba amekuwa akisoma juu ya pilau tangu Ijumaa yake ya kwanza hapa, maana huwezi kufuta chakula cha watu bila kujua umefuta nini.

Alichomweleza ndicho hiki, na nakiandika kwa ajili ya wabishi wetu wa kantini. Jina lenyewe limezunguka dunia. Wengi wanalifuatilia hadi Uajemi. Wapo wanaolivuta nyuma zaidi mpaka lugha ya kale ya Bara Hindi. Waturuki wanalo, watu wa Asia ya Kati wanalo, na kila aliyelipokea aliapa kuwa ni lake. Inasemekana hata tabibu mmoja wa zamani wa Uajemi aliandika juu ya pilau katika vitabu vyake vya tiba, kwa hiyo si mara ya kwanza sufuria hii kuingia mikononi mwa waganga. Wapo wanaopika na nyama ya kondoo na karoti nyingi, wapo wanaotia dengu, wapo wanaotia matunda makavu na majani mabichi wala nyama haionekani. Nini basi kinaifanya pilau iwe pilau? Si nyama. Si rangi, wala si bizari. Ni kazi. Mchele unageuzwa kwenye mafuta juu ya moto, unapewa supu yake kwa kipimo, unafunikwa uinywe supu yote, na ukimaliza kila punje inasimama peke yake. Ndiyo maana ya pilau kokote uendako.

Bi Mfuniko alisikiliza, akasema ni kweli tupu, na kwamba yeye amekuwa akiifanya kazi hiyo miaka yote bila mtu kumwambia kwamba ndiyo jina lenyewe. Kisha akasema hayo yote hayamsaidii, kwani wa kushawishiwa ni mzee, na mzee hashawishiki kwa Uajemi.

Wakapanda wodini wote wawili. Mizani alivuta kiti karibu na kitanda, na hakuhubiri. Aliuliza tu swali ambalo dada mtu hakuwahi kuliuliza maishani mwake: wewe, mzee wangu, pilau ulifundishwa na nani? Mzee akajibu kwa majivuno kwamba ni ya kambini, pilau ilianzia kambini. Akaulizwa kambini ilianzia kwa nani. Hapo akageuka kutazama dirishani.

Alikuwepo, alisema hatimaye, fundi wa mashine ya kusaga kokoto, mgeni aliyetoka nchi ya mbali na ambaye hakuwa anakula nyama tangu azaliwe. Siku mzee alipofika kambini, kijana mwenye njaa na mtoto wa kulea nyumbani, hakuna aliyemjali isipokuwa fundi yule. Alimkalisha kwenye gogo kando ya jiko lake, akachoma kitunguu kizima juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, akakichemsha na karoti kupata supu, akakaanga mchele, akatia njegere na zabibu kavu, akafunika. Mwisho akakamulia limau. Chumvi ilikuwa haba kambini na hakuitia. Hiyo ndiyo pilau ya kwanza aliyokula kaka yake Bi Mfuniko. Nyama aliiongeza mwenyewe baadaye, fundi alipokwisha kurudi kwao, kwa sababu wajenzi wa barabara walitaka nyama. Miaka ikapita, nyama ikakaa, fundi akasahaulika. “Nimemsahau mtu yule,” mzee alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. “Nimeikataa pilau yake mara ngapi hapa kitandani.”

Waliniletea oda yao asubuhi ya Ijumaa iliyofuata. Nilitoa njegere, karoti, zabibu kavu na malimau, nikanung’unika juu ya makaa maana jiko letu ni la gesi na makaa hayamo kwenye stoo yangu. Dereva alikwenda kuyatafuta. Vitunguu vilichomwa uani nyuma ya jiko, na sufuria mbili zikafunikwa sambamba, moja ya wafanyakazi na moja ya wodi ya moyo. Mzee alikuwa amekwisha arifiwa. Sista wa wodi alipiga simu jikoni kusema kwamba ameomba kuketi, ameketi, na ameshika kijiko.

Sasa sikilizeni mkosi. Troli zetu mbili zinafanana kama mapacha, na zinatofautishwa kwa kitambaa: kijani ni cha wodi, cheupe ni cha kantini. Asubuhi ile watu wa dobi, kwa bidii zao, walikuwa wamechukua vile vya kijani vyote kuvifua. Troli zote mbili zikafunikwa vyeupe. Ya wodi ikaja kantini, ya kantini ikaenda wodini.

Kantini ilikula. Watu wale wale waliokuwa wakiucheka wali wa wagonjwa waliila pilau ile mpaka wakakwangua ukoko. Daktari wa upasuaji alirudi na sahani yake mara ya pili, nami nilikuwa nyuma yake, na dereva wa gari la wagonjwa alitangaza kwamba hii sasa ndiyo hasa ya bibi yake. Hakuna aliyeulizia chumvi. Juu wodini, sista, ambaye ana desturi ya kuonja kabla trei hazijagawiwa, alitia ulimi mara moja na kuizuia troli mlangoni. Tunamshukuru kwa desturi hiyo. Alipopiga simu chini, sufuria ya wodi haikuwa na kitu tena, na kantini nzima ikatazama sahani zake.

Mzee alikuwa bado ameketi na kijiko chake. Bi Mfuniko alipopewa habari hakumlaumu mtu. Alisema tu, “Akilala kabla sijafika, hataamka na hamu hii.” Akaosha mikono, akatoka uani na vitunguu vingine. Watu wa kantini walijaa mlangoni kutaka kusaidia, kila mmoja akiwa na hatia tumboni, akawafukuza wote. Mizani peke yake alibaki, akimenya karoti akiwa amevaa koti lake jeupe, na wawili hao walifanya kazi bila kuzungumza. Kazi ile haiharakishwi. Kitunguu kina muda wake na mchele una wake, na hapo ndipo nilipoona ni adhabu gani kuijua kazi vizuri: asiyejua angeongeza moto. Yeye aliacha moto ulivyo, akasimama mikono imefungwa kifuani, midomo ikimcheza kwa dua.

Juu, wagonjwa wa vitanda vya jirani waliichukua zamu. Walimsimulisha mzee habari za kambini, kila alipolegea mmoja akauliza swali jingine, mashine ya kokoto ilikuwaje, barabara ilifika wapi, fundi alikuwa mrefu au mfupi. Hivyo Bi Mfuniko alipoingia na trei mikononi mwake mwenyewe, alimkuta macho.

Alikula. Kijiko cha kwanza alikikalisha mdomoni muda mrefu, na wodi yote ilimngoja. Kisha akasema, “Kitunguu hujakiunguza vizuri. Cha fundi kilikuwa cheusi zaidi.” Na akachota kingine, na kingine. Dada yake alijibu kwamba atakiunguza zaidi kesho, akatoka hadi koridoni, akalia akiwa ameuegemea ukuta, na Mizani akamshikia miwani. Alasiri ile trei ilirudi dirishani haina hata punje moja. Nilimwona akiipokea. Hakuitia kwenye maji mara moja.

Mzee alikula kesho yake, na keshokutwa yake, na kabla msimu haujabadilika alipasuliwa na akapona. Sitasema ni pilau iliyomponya, madaktari wetu watanidai heshima yao, na ni haki yao. Lakini daktari wa upasuaji mwenyewe amesema mbele yangu kwamba mtu aliyeletewa kwenye meza ya upasuaji ni mtu aliyekuwa amekula. Tangu hapo pilau ya fundi ni chakula rasmi cha wodi ya moyo kila Ijumaa, na wapishi wa hospitali nyingine wamekuja kuisomea hapa. Wanafundishwa na wawili, Bi Mfuniko akiwa kwenye sufuria na Mizani akiwa kwenye sababu, na wanabishana mbele ya wageni bila haya. Sasa ni marafiki wa kupigiana simu siku za mapumziko. Mpishi mkuu anayempokea Bi Mfuniko amefunzwa naye kuanzia kwenye trei, na tayari ameanza kunigombeza kuhusu ubora wa njegere, kwa hiyo naona urithi uko salama.

Mkurugenzi alimwomba aongeze muda kwa mkataba. Alikataa kwa shukrani, akaeleza sababu bila kupamba: mzee wake yupo nyumbani, ana nguvu zake, na miaka aliyoipata ya ziada hataki kuisikia kwa simu. Anataka kuiishi naye.

Limebaki tangazo moja. Chakula cha sherehe hakitapikwa na jiko letu. Kaka yake alikuja ofisini kwa mkurugenzi wiki iliyopita, akitembea kwa miguu yake, akaomba apewe jiko na kiti cha kuketia karibu na moto. Amepewa. Tumegundua kwamba tangu alipoanza kazi hapa, mama huyu amelisha maelfu ya watu na hakuna aliyewahi kumpikia yeye pilau. Amewekewa nafasi mezani, katikati yetu, na tunamsihi asinyanyuke.

Keti, dada. Mzee wako yuko jikoni anakupikia. Kwa kila sahani uliyotupakulia, asante sana. Nasi tunakuombea siku zilizo mbele ziwe njema, ndefu, na zenye watu wa kula nao.